Kanuni Iliyoachwa Mlangoni

Ujuzi wa mtu hukaa wapi? Nauliza kwa sababu niliwahi kuuchukua wa mtu mzima, nikaupanga katika kanuni mia nne na kumi na mbili, nikaukabidhi kwa mashine, na mwenyewe akabaki amekaa mbele yangu anakunywa chai, hajapungua hata kidogo. Nikadhani basi nimeunakili wote. Niliwaza kwamba sasa upo mahali pawili, kwake na kwangu, na kwamba mji umepata faida. Hivyo ndivyo nilivyofikiri nikiwa na akili zangu timamu, na jina langu Shaame limeandikwa kwa wino wa kijani kwenye mlango wa ofisi. Leo wino umefutika na akili sina hakika nazo, lakini swali ni lilelile, na kila nikiamka linakuwa limeamka kabla yangu.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, lakini lilikuwa limeandikwa ukutani, na ukuta ule ukaanguka. Hapa kila nyumba ni ya mawe na chokaa, kongwe kuliko wanaokaa ndani, na kila nyumba iko njiani kuanguka; tofauti ni nani atatangulia. Siku nazo hazipangi foleni. Jumanne huweza kuja mara mbili, na kuna Alhamisi zilizopita bila kusimama, watu wakabaki na sahani za chakula mkononi wakiulizana ni mlo upi. Mgeni huchanganyikiwa. Sisi tumezoea, na tukitaka kujua ni lini jambo fulani lilitokea, tunauliza ni ukuta gani ulikuwa bado umesimama.

Katika mji wa namna hiyo mtu mkubwa si mtawala. Mtu mkubwa ni mgonga kuta, na mgonga kuta alikuwa Siwema, mke wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na kijiti cha mpingo cha urefu wa shibiri. Akifika kwenye nyumba, husimama nje ya mlango na kupiga hodi. Mlango hata uwe wazi, hata amwone mwenye nyumba amekaa pale ndani anachambua mchele, hupiga hodi na kusubiri. Akijibiwa karibu, bado haingii. Humwomba aliyejibu atoke, wasalimiane nje, hali zenu, njema, na watoto, hawajambo. Ndipo hugonga ukuta kwa kijiti, huku na huku, akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho hutamka neno moja kati ya mawili. Akisema "Kaeni", watu hupika. Akisema "Hameni", watu hutoa vitanda siku ileile, na hakuna anayebisha. Asipojibiwa hodi yake hageuki nyuma, huenda zake na kurudi siku nyingine. Watu walisema Siwema ana adabu. Mimi ndiye mumewe, nilikuwa nalala naye na kuamka naye, na nilisema hivyohivyo. Nani wa kwetu atamuuliza mtu kwa nini umepiga hodi?

Nieleze Idara sasa, maana bila Idara nisingekuwa na la kujutia. Idara ya Kuta ina vyumba viwili vinavyotazamana, na ukumbi katikati ambao haukuwa na kiti, ili asiwepo wa kukaa. Upande wa kulia tulikaa sisi, wajenzi wa programu. Kwetu kila kitu kina mpangilio; kila mstari wa msimbo unajaribiwa, na usiokuwa na kazi unafutwa. Upande wa kushoto walikaa wakusanya maarifa, watu wenye subira na mashati yaliyokunjamana, ambao kazi yao ilikuwa kukaa na mafundi na kurekodi kila wanalosema pamoja na kikohozi. Sisi tuliwaita wale wachafu. Wao walituita wale viziwi. Kwa miaka mingi, au kwa siku chache zilizojirudia, walijaza makabati kwa ujuzi usioweza kuendesha kitu, na sisi tukajenga mashine safi zisizojua kitu.

Mkuu wetu aliitwa Ngwali. Alikuwa mkuu wa Idara tangu kabla Idara haijaanzishwa, na wengine tulidhani ilianzishwa ili apate mahali pa kukaa. Ngwali aliniita akasema vyumba viwili vinaozeshwa, na mimi ndiye wa kuviozesha. Nitatwaa ujuzi wa mgonga kuta kutoka kushoto, niuingize katika programu ya kulia, itoke mashine inayogonga na kuamua. Akanikumbusha kwa upole kwamba Siwema ni mtu, na mtu huugua, huzeeka, hukasirika, huweza kuwaonea wengine. Nilijua mwisho wa maneno yale ni upi. Neno la Siwema lilikuwa linahamisha watu mji mzima bila kupitia kwa Ngwali, na hilo lilikuwa linamkosesha usingizi. Nilijua, na nikakubali. Nilikuwa na kiu ya kujenga kitu ambacho hakijawahi kujengwa, na kiu hiyo siwezi kuisingizia mtu mwingine.

Basi tukakaa, mimi na mke wangu, mezani kwetu na mezani kwa Idara, nikimuuliza. Ukigonga ukasikia mlio mkavu juu na mzito chini, basi nini? Ikiwa chokaa inatoka unga na jiwe halichezi, basi nini? Alijibu kila swali kwa uaminifu, nami nikaandika: ikiwa hivi, basi vile. Tulikaa hivyo hadi nikawa ninaota kwa kanuni. Kuna siku nilijiona kwenye kioo nimeinamisha kichwa kama yeye, na sikujua kwa muda kidogo nani anaulizwa na nani anauliza. Siwema alinitania. Jikoni alinyoosha mwiko na kunionjesha mchuzi, akaniuliza, ikiwa chumvi imezidi, basi nini? Nikasema, basi mume ale na anyamaze. Alicheka hadi akashika ukuta. Ukuta wa kusini, ule wa jikoni. Nakumbuka kiganja chake pale.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipo, na ni dogo.

Rekodi za kushoto zilianza mbali mno. Kila moja ilianza na hodi, kisha kimya, kisha karibu ya mtu wa ndani, kisha mlango, kisha hali zenu na watoto na bibi na mguu wa bibi. Pigo la kwanza la kijiti lilikuja baada ya hayo yote. Mashine ikavurugika. Ilidhani kikohozi cha mwenye nyumba ni dalili ya ufa. Nikaandika mistari kumi na mmoja ya msimbo, safi, mifupi, ambayo ilitafuta pigo la kwanza katika kila rekodi na kukata kila kilichotangulia. Niliiona ile kazi kama kufagia uwanja kabla ya wageni kufika. Hakuna aliyenishauri vibaya, wala hakuna aliyenishinikiza. Mtu aliyetoka mahali watu hawapigi hodi angeuliza, hiki ni nini, mbona anafanya hivi kila mara? Mimi sikuuliza. Nilizaliwa nikisikia hodi, na sikio langu lilishaacha kuisikia.

Tulijaribu kuta mia tatu. Mashine na Siwema waliafikiana kwa kuta mia mbili tisini na mbili. Ngwali alipiga makofi. Zilibaki kuta nane ambazo mashine ilisema kaeni na Siwema alikuwa amesema hameni, na zote nane zilikuwa zimekwisha kuanguka baada ya watu kutoka. Nilimpelekea Siwema orodha. Aliisoma akasema, katika nyumba hizo sauti za wenyewe zilimfikia zimelowa. Nikamuuliza zimelowaje. Akasema, zimelowa tu, Shaame, kama mtu anayekuitikia akiwa amejifunika shuka. Niliandika jibu lake pembeni, na mbele yake nikaweka maneno mawili: hisia tu. Kisha nikafunga faili. Nilikuwa mpole kwake siku ile, nakumbuka, upole ule wa mtu anayemhurumia mwingine kwa kutoelewa jambo kubwa.

Mashine ilizinduliwa. Waliiita Siwema wa Pili, kwa heshima, wakasema. Siwema wa kwanza alipewa shada la maua, na kijiti chake kikachukuliwa na kutundikwa kwenye kabati la kioo ukumbini, mahali ambapo sasa paliwekwa kiti. Amri ikasomwa kwamba tangu siku hiyo neno la kuta ni la mashine peke yake, na atakayesaidia kuamua kinyume anaipinga Idara.  Mke wangu alirudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Haukupita muda, au pengine ulipita, akaniambia kuhusu ukuta wa kusini. Nilikuwa chumbani nimemwomba taulo, yeye yuko uani, na sauti yangu ilimfikia isivyo kawaida. Nikamwambia nitaleta mashine. Nikaileta kweli, ikibebwa na wafanyakazi wawili, ikagonga ukuta wetu mara arobaini kwa mkono wake wa chuma, ikanyamaza, ikasema kaeni. Wafanyakazi wakabandika karatasi ya Idara mlangoni. Siwema alikuwa amesimama pembeni na mikono ndani ya khanga.

"Mashine ni wewe," nikamwambia. "Hakuna neno humo ambalo si lako."

"Maneno ni yangu," akasema. "Ila mimi naanza kwa hodi."

Nikacheka. Namwomba Mungu anisamehe kicheko kile, maana mimi mwenyewe nimeshindwa.

Aliniomba jambo moja. Nirudi nyumbani siku moja mchana, maana siku hizo nilitoka alfajiri nikarudi usiku mtaa umelala, niketi jikoni, yeye asimame nje apige hodi, nimjibu. Basi. Asingeweza kufanya peke yake, kwa kuwa hakuna anayeweza kuwa nje na ndani kwa wakati mmoja. Wala asingeweza kumwomba jirani yetu, Bi Mize, kwa kuwa karatasi ilikuwa mlangoni na jirani angekuwa ameipinga Idara. Lakini mume akimjibu mkewe hodi, nani atamshtaki? Nikamwambia kama ana wasiwasi ahamie kwa dada yake siku mbili tatu. 

"Sina uhakika, nina shaka tu," akasema. "Nikihama kwa shaka nitakuwa nimeutangazia mji kwamba mume wangu ametengeneza uongo. Njoo unijibu kwanza. Nikisikia vibaya, nitahama na uso wangu mkavu."

Nikasema kesho. Kesho yake mashine ilikuwa inatamka vibaya neno "kaeni", inalivuta kama mtu anayepiga miayo, na Ngwali hakupendezwa. Nikasema kesho tena. Siku hiyo ilikuja Jumanne, na baada yake Jumanne nyingine, na zote nilizitumia ofisini. Mara ya tatu hakuniomba. Aliniwekea chakula kwenye kontena, akafunga kifuniko, akanipa, na mimi ndiye niliyesema kesho bila kuulizwa. Laiti ningejua kwamba kesho zangu zilikuwa na hesabu. Sikujua, na siwezi kusema tena kwamba hakuna aliyeniambia.

Nyumba ilianguka saa tano asubuhi. Ukuta wa kusini ndio ulioanza. Nilikuwa ukumbini, nimekaa kwenye kile kiti, ninakula chakula chake mapema kwa njaa. Vumbi liliingia kwa madirisha ya Idara, jeupe, laini, na watu wakaulizana ni la mtaa gani.

Bi Mize ndiye aliyeniambia, na aliniambia polepole, akinishika mikono yote miwili. Alisema asubuhi ile Siwema alitoka na ndoo, akarudi, akafika kwenye mlango wake mwenyewe akasimama. Akaweka ndoo chini. Akapiga hodi. Nyumba haikuwa na mtu, na yeye alijua haina mtu, lakini alipiga hodi na kusubiri. Bi Mize alikuwa dirishani kwake. Alisema alitaka kumjibu, neno lilimfika mdomoni, akaiona karatasi ya Idara na neno likarudi. Siwema alisubiri sana. Maisha yake yote asipojibiwa aliondoka. Siku ile alichukua ndoo yake, akaingia.

 

Baada ya mazishi nilivuka ukumbi, kwa mara ya kwanza, nikaingia chumba cha kushoto. Wale wachafu hawakufuta kitu. Rekodi zote zilikuwepo nzima, mia tatu, kwenye makabati yao yenye vumbi, na mmoja wao alinipa kiti na vifaa vya masikioni bila kuniuliza nataka nini. Nikasikiliza mwanzo ambao niliukata. Hodi, sauti yake. Kimya. Karibu ya mtu, ikitoka ndani kupitia ukuta. Kisha mlango, kisha sauti ya mtu yuleyule, sasa nje, hewani, njema, watoto hawajambo. Mara mbili sauti ileile, mara moja kupitia ukuta na mara moja bila ukuta. Nikasikiliza zile nyumba nane. Hata mimi kiziwi nilisikia. Karibu zao zilikuja zimefunikwa, nzito, zimelowa kama alivyoniambia, maana maji yalikuwa katikati ya ukuta, ndani kabisa, ambako kijiti hakifiki.

Kuna jambo lingine nililisikia, na hili ndilo lililonivunja. Katika kila rekodi, baada ya kusalimiana na kabla ya pigo la kwanza, kuna kimya. Nilikihesabu. Kilifika hata thelathini. Pale ndipo alipokuwa anaamua. Alipoanza kugonga alikuwa amekwisha kujua, na aligonga kwa ajili yao, wenye nyumba, ili waone kazi inafanyika na wasione kwamba wametolewa kwao kwa neno tu. Nilimhoji mke wangu miezi mingi kuhusu adabu yake nikaiita ujuzi, na ujuzi wenyewe nikaufagia kwa mistari kumi na mmoja. Kwa nini hakuniambia? Nimejiuliza hadi nimechoka. Alijibu nilichouliza. Nilimuuliza ukigonga unasikia nini, sikumuuliza unasikia nini. Na pengine naye hakujua kama anajua. Pengine kwake pia hodi ilikuwa hodi tu, na mwili wake ndio uliokuwa unasikiliza.

Je, ujuzi ule ulikuwa wa nani basi? Ulikuwa wake? Lakini bila karibu ya mtu wa ndani asingejua kitu. Ulikuwa wa yule wa ndani? Naye hakujua kama amesema lolote zaidi ya kumkaribisha mgeni. Nafikiri ulikuwa kati yao, pale mlangoni, na ulidumu muda ule tu ambao mmoja aliita na mwingine akaitika. Kama ni hivyo, basi nyumbani kwetu nusu yake nilikuwa nayo mimi, nikaenda nayo ofisini, ikakaa kwenye kiti ukumbini ikila wali.

Nikaandika kanuni ya mia nne na kumi na tatu. Ngwali aliipitisha. Hakuweza kunitazama usoni. Mashine ilihitaji sauti ya kupigia hodi, na sauti iliyokuwepo kwenye rekodi ilikuwa moja. Kwa hiyo sasa ukiiweka mbele ya nyumba inapiga hodi kwa sauti ya Siwema, inasubiri karibu, inamwomba mtu atoke, inamsalimia, inanyamaza kwa hesabu ya thelathini. Kugonga nilikuacha, kwa ajili ya wenye nyumba. Nasikia haijakosea tena. Nasikia watu wakiihofu na kuipenda. Kuna watoto wanaoijibu kwa kushindana, karibu, karibu, na ni wazima kwa sababu ya hodi hiyo. Nafurahi, na furaha yangu hainisaidii kitu.

Mchana mmoja, sijui wa siku gani, nilienda nayo kwetu. Ukuta wa mbele bado umesimama, na mlango wake, na karatasi ya Idara imepauka juu ya mlango. Nyuma yake hakuna nyumba. Niliiweka mashine nje, nikaiwasha, nikapita, nikaketi ndani mahali palipokuwa jikoni. Mbuzi ya nazi ilikuwepo, imepona, nikaikalia.

"Hodi," akasema Siwema.

  Nilijua nisipojibu itarudia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiandika. Na nilijua kwamba katika kanuni ile sikuweka kikomo cha kusubiri. Mjenzi yeyote wa programu angenicheka. Mashine isiyojibiwa itakaa pale mlangoni hadi iishiwe na nguvu. Nilikusudia hivyo. Sikutaka tena kuwepo hodi katika mji huu inayochoka na kuingia.

"Hodi," akasema tena. Bi Mize alikuwa amefungua dirisha lake. Nilimwona akifunika mdomo kwa khanga.

"Hodi."

"Karibu," nikasema.

Nikatoka nje kama inavyotakiwa, nikasimama mbele ya mashine. Ikaniuliza hali. Nikasema si njema. Ikauliza watoto. Nikasema hatukujaliwa. Kisha ikanyamaza, nami nikaanza kuhesabu pamoja nayo, nimeinamisha kichwa. Thelathini ilipofika mkono wa chuma ukainuka, ukaugonga ukuta wa mbele mara moja, taratibu, kwa ajili yangu.

"Hameni," ikasema.

Nikasema sawa, mke wangu. Nikarudi ndani kutafuta vitu vya kuhamisha.